Haja Kubwa ya Butihinda

Ofisini kwetu Gitega mimi ndiye niliyekuwa Mswahili. Wenzangu wote ni watu wa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili chao ni cha kununulia nyanya. Mimi nimezaliwa Nyamugari, nyuma ya msikiti. Mama yangu anauza vitenge, baba mdogo anafundisha watoto Kurani, na kwetu hata paka anafukuzwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo daktari wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ofisi, alipotaka dodoso litafsiriwe hakusumbuka kutafuta mtu mwingine. Aliliweka mezani kwangu akasema, "Hii ni ya kwenu."

Dodoso lenyewe, au fishi kama tunavyoliita, lilikuwa la kuwauliza wagonjwa kwenye vituo vidogo vya afya: unahitaji nini zaidi, ukiwa na tatizo unakwenda wapi, nani anakusindikiza, huko unatumia nini, unaridhika? Daktari aliliamini sana. Alikuwa akisema sisi watu wa afya tumezoea kuwaamulia wagonjwa wanachohitaji, kama mtu anayemnunulia mwenzake viatu bila kumuuliza namba. Gishubi, mkoani kwetu, tulikuwa tumeshalipitisha kwa Kirundi, likaenda vizuri. Sasa ilikuwa zamu ya Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Wakulima wengi wa huko walikulia upande wa pili, kwenye kambi za wakimbizi na vijijini, wakarudi wakiwa watu wazima. Kirundi wanakizungumza, lakini darasani walisoma kwa Kiswahili, na daktari alitaka kila mtu aulizwe kwa lugha aliyosomea.

Nilikwama kwenye neno la kwanza. Kifaransa kilisema "besoin", yaani kile mtu anachokihitaji. Nyumbani neno hilo tunalichota hivyohivyo kutoka kwa Wafaransa na mambo yanaendelea, lakini kwenye karatasi nilitaka Kiswahili safi. Nikaandika "shida". Jioni nikampelekea baba mdogo asome.

"Shida?" Baba mdogo alivua miwani. "Shida ni neno la mtu anayekuja kukopa. Mgonjwa ana heshima yake. Sisi mtu akiwa na jambo zito moyoni, anasali sala gani?"

"Sala ya haja, baba mdogo."

"Basi. Andika haja."

Neno likanipendeza. Lilikuwa limenyooka, lina harufu ya udi. Baba mdogo alitaka niandike "haja kuu", lakini hiyo "kuu" niliitoa mwenyewe, maana iliniletea picha ya msikiti mkuu siku ya Ijumaa, nikaona mkulima ataogopa. Nikaweka "kubwa". Swali la kwanza likawa: Taja haja yako kubwa. La pili: Ukiwa na haja hiyo, unakwenda wapi? Daktari, ambaye Kiswahili chake kiliishia sokoni, alilisoma kwa sauti, akasema linasikika vizuri sana.

Msomaji aliyesomea Tanzania au Kenya ameshaanza kucheka, na ana haki. Lakini naomba anielewe. Kwetu Gitega mtu anakwenda chooni, au anasema kwa Kifaransa kwamba anatoka kidogo. Haja tulikuwa nayo kwenye sala, na kwenye "sina haja nawe", basi. Sikuwahi kusikia kwamba ng'ambo ya mpaka haja zimegawanywa, kubwa na ndogo, na kwamba mtoto anafundishwa hivyo tangu darasa la kwanza.

Nililala Muyinga mjini. Asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Butihinda, nimefunga kilemba changu kizuri, bahasha ya fishi kifuani. Dereva alikuwa mmoja wa hao waliorudi, na njia nzima alikuwa akinisahihisha. Nikisema "barabara iko mubaya", yeye anasema "barabara ni mbaya, dada". Nikisema "mi naogopa kuanguka", anasema "mimi". Nilishuka pale nikiwa mdogo kuliko nilivyopanda. Huko kwetu mimi ni Mswahili wa kuzaliwa. Hapa hata mtu wa pikipiki ananifundisha kunena.

Kituo kilikuwa jengo refu la matofali lenye veranda, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi na kwenye majani. Mkuu wa kituo, nesi mpole mwenye sauti ya chini, alinitambulisha kwa Kirundi: mgeni huyu ametoka Gitega, ana maswali, mjibuni ukweli mtupu. Kisha akarudi ndani kwenye kazi zake, mimi nikawekewa meza mwisho wa veranda.

Wa kwanza alikuwa baba wa makamo aliyekuwa ameshika tumbo.

"Baba, taja haja yako kubwa."

Akanitazama. Akaitazama benchi. "Hapa?"

"Hapa tu, baba. Usiogope, iko siri. Hakuna mwenye atajua jina yako."

Kwenye benchi vijana wakaangua kicheko. Masikio yangu yakawaka moto. Nilijua wanacheka "iko" yangu, na kuanzia dakika ile kila kicheko nilichokisikia Butihinda nilikipokea kama kicheko cha sarufi. Ndiyo maana sikuona kitu kingine chochote.

"Sasa nitaje nini?" baba akauliza.

"Sema tu inavyokusumbua."

Akainamisha kichwa. "Tangu juzi, dada. Ngumu."

Nikaandika: tangu juzi, ngumu. "Na ukiwa na haja hiyo, unakwenda wapi?"

"Kwenye migomba," akasema, akinyoosha kidevu kuelekea nyuma ya kituo.

Kalamu ikasimama. Kwenye migomba! Kumbe kuna mtu huko. Gishubi pia walikuwepo waliotaja waganga wa kienyeji, ila kwa kunong'ona na kuangalia mlango. Huyu alisema waziwazi, mbele ya kituo, bila aibu. Moyo ukanidunda kwa furaha. Hiki ndicho alichokitaka daktari: ukweli wa watu wenyewe.

"Nani anakusindikiza?"

"Kule?" Alinitazama kwa muda. "Dada, kule mtu anakwenda mwenyewe."

"Na uliridhika?"

Akafikiri, kama mtu asiyetaka kumdhulumu yeyote. "Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Lakini mwishowe, ndiyo. Niliridhika."

Aliyemfuata alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Na yeye, migombani. Nikamuuliza kama huko anasubiri muda mrefu. Akasema inategemea, asubuhi watu ni wengi, unakuta kila mgomba una mtu wake. Nikamuuliza huko anatumia nini.

"Majani."

"Majani gani, mama?"

"Ya mgomba. Mabichi. Makavu yanakwaruza."

Nikaandika dawa hiyo kwa herufi kubwa na kuipigia mstari.

Walipita wengi siku hiyo, na wote, wazee kwa vijana, walikuwa wateja wa migomba ile. Mtu mmoja tu alisema yeye hujizuia mpaka afike nyumbani. Nikaandika kwamba ana imani na tiba ya familia.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mnene, mwenye magoti mabovu na Kiswahili cha kusomea habari redioni. Alijishusha kwenye kiti taratibu, akatengeneza kitenge chake, akaweka mikono mapajani.

"Haya, mwanangu, uliza. Mimi nimezoea. Kambini tuliulizwa na kila aina ya watu. Kuna mmoja aliniuliza hadi ndoto ninazoota."

"Taja haja yako kubwa, bibi."

"Ya kwangu haina matata. Kila asubuhi, kwa wakati wake, namshukuru Mungu. Tatizo ni haya magoti. Kuchuchumaa nachuchumaa, kuinuka ndiyo kazi. Nashika mgomba, navuta."

Nikaandika: anashika mgomba, anavuta. Yeye akawa anaitazama kalamu yangu.

"Haya yote mnayaandika ili iweje?"

"Ili tusaidie, bibi."

"Mtasaidiaje?"

"Tutaona ofisini. Tutapanga."

Akanitazama kwa huruma kubwa, kama mtu anavyomtazama binti wa jirani aliyeolewa mbali. "Mungu awape nguvu," akasema.

Nilirudi Gitega nimejaa ushindi. Nikayageuza majibu yote kwa Kifaransa, vizuri, na daktari akayasoma amesimama. Alipofika katikati akakaa.

"Wanakuja mpaka mlangoni kwetu," akasema, "halafu wanapita nyuma kwenda kwa mganga."

"Ndiyo, dokta."

"Na wanaridhika. Hata mvua ikinyesha."

"Ndiyo, dokta."

Mwingine angekasirika. Daktari wetu si mtu wa hivyo. Alisema badala ya kumpiga vita huyo mganga wa migombani tunapaswa kwenda kujifunza kwake, maana mtu anayepata wagonjwa wengi hivyo kila asubuhi, bila kibao wala benchi, ana siri yake. Akaagiza tumpelekee sukari, kwa heshima. Mafuta ya gari yalikuwa adimu kama kawaida, ikabidi tungoje. Yalipopatikana, daktari alikuja amevaa viatu vya kahawia vilivyong'arishwa hadi unaweza kujitengenezea kilemba humo.

Mkuu wa kituo aliposikia neno "mganga" na neno "migomba" kwa pamoja, uso ulimbadilika. Akasema hakuna mganga. Daktari akaniangalia pembeni, maana yake: umeona, anamficha. Akatoka nje, akamkuta yule bibi kwenye benchi, amekuja kwa ajili ya magoti yake, akamwambia kwa Kirundi kwa upole wote, "Mama, tunaomba utupeleke kule mnakokwenda. Kwenye migomba."

Bibi akamtazama daktari kuanzia juu hadi kwenye viatu. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Maskini," akasema. "Twende, mwanangu. Ila angalia unapokanyaga."

Shamba lilianza palepale nyuma ya kituo, na sijawahi kuona migomba iliyostawi kama ile. Majani mapana yamenona, mikungu mizito hadi imewekewa miti ya kuishikilia. Daktari, pakiti ya sukari mkononi, alisimama ukingoni, akakohoa kwa adabu, akapiga hodi.

Kutoka ndani ya migomba sauti ikajibu, "Kuna mtu!"

Daktari akageuka kwangu, macho yanang'aa. "Yupo!"

Akaingia.

"Usije!" sauti ikasema.

"Samahani, mzee, hatukusumbui! Tumetoka Gitega!"

"Hata kama mmetoka Bujumbura!"

Daktari alipiga hatua moja zaidi, na hatua hiyo haikutua mahali pazuri. Nilimwona akisimama ghafla, mguu mmoja mbele, sukari juu, kama mtu anayepigwa picha. Halafu mgomba ukatikisika, na akatoka yule baba wa "tangu juzi", anafunga mkanda, safari hii uso umetulia kabisa. Aliponiona akanisalimia kwa furaha: "Aa, dada wa haja! Umerudi?"

Bibi akanishika mkono. "Hebu niambie, mwanangu. Kwenu Gitega, haja kubwa ni nini?"

"Ni... ni kitu mtu anakihitaji sana, bibi. Mi nilifikiri... ni kama tunavyosali..."

Bibi alicheka mpaka akatafuta mgomba wa kushika. Baba yule naye akaelewa, akaanza kucheka ameinama, na kicheko kikasafiri hadi kwenye veranda, nikasikia benchi nzima inakipokea. Kichwani mwangu karatasi zote zikawa zinapita moja moja: ngumu, anakwenda mwenyewe, mabichi, makavu yanakwaruza. Nilitamani kukimbilia ndani ya migomba nijifiche, ila pale hata kujificha hakukuwa salama.

Ikabidi nimweleze daktari, kwa Kifaransa, neno kwa neno, baba mdogo na sala na yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakata jani lililokauka apanguse kiatu.

"Chukua bichi," bibi akamwambia kwa Kirundi.

Daktari hakunigombeza. Alirudi kwenye veranda akichechemea kwa kiatu kimoja, akamuuliza mkuu wa kituo kwa nini watu wote hawa wanakwenda migombani. Mkuu wa kituo akaeleza. Choo cha zamani kilititia wakati wa mvua. Kipya kilikwishajengwa. Akatuonyesha: kibanda kizuri upande wa pili, milango ya bluu, sakafu ya saruji, kila mlango una kofuli, na mbele yake utepe umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Kilikuwa kinangoja kufunguliwa rasmi. Mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi, tarehe ilikuwa inasogezwa. Funguo zilikuwa kwenye droo, zimefungwa kwa kitambaa. Aliogopa sana kwamba siku ya ufunguzi mgeni atakuta kimeshachafuliwa.

"Na wewe mwenyewe unakwenda wapi?" daktari akauliza.

Mkuu wa kituo akaangalia chini. "Mimi naishi karibu," akasema.

Daktari akaagiza ziletwe funguo na mkasi. Mkasi ulikuwa ule wa kukatia bandeji. Akampa bibi. Bibi hakuuliza swali hata moja, kana kwamba maisha yake yote alikuwa akijiandaa kukata utepe. Akaukata, akaitazama hadhara, akasema, "Kwa kuwa nipo hapa," akaingia, akafunga mlango. Watu wakapiga makofi.

"Acheni makofi!" akapiga kelele kutoka ndani. "Mnanishtua!"

Tukanyamaza, daktari, mkuu wa kituo, wagonjwa na mimi, tumesimama mbele ya mlango wa bluu kama watu wanaongoja mtangazaji asome matokeo ya uchaguzi. Ukapita muda. Kisha sauti yake ikatoka tena, sasa ikiwa na wasiwasi.

"Humu ndani hakuna mgomba!"

Hatukuelewa mara moja. Ni mama mmoja aliyeelewa: hakuna cha kushika. Akaingia kumsaidia, wakatoka wawili wameshikana, bibi amekasirika. Alimwambia daktari choo ni kizuri, hana neno, lakini waliokijenga ni watu wenye magoti mapya. Siku hiyohiyo fundi akaitwa, akapigilia mti mnene ukutani, kimo cha mkono wa mtu aliyechuchumaa. Bibi alikwenda kuujaribu, akauvuta kwa nguvu zake zote, akasema unafaa. Sukari ya mganga alipewa yeye.

Nyumbani Nyamugari nilimsimulia baba mdogo mbele ya mama. Mama alilia kwa kicheko, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Baba mdogo hakucheka. Alisema neno haja halina kosa lolote, kosa ni la watu wa Dar es Salaam waliolipeleka chooni. Mpaka leo hajabadili msimamo.

Daktari aliandika ripoti yake. Hakueleza ya kiatu. Aliandika kwamba kwa njia ya dodoso, wagonjwa wa Butihinda walitaja choo kuwa hitaji lao la kwanza, jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelitarajia. Tulisifiwa. Wageni walikuja hadi ofisini kutuuliza jinsi tulivyotunga maswali yanayofukua yaliyofichika namna ile, na daktari akawa anaangalia dirishani, mimi naangalia vidole vyangu.

Baadaye nilirudi Butihinda na fishi mpya. Haja ilikuwa imeondoka, shida imekaa mahali pake. Kabla ya kuanza nilimpa bibi asome karatasi yote, akasahihisha mawili matatu kwa kalamu yake, akaniambia "iko" naweza kuibakiza, ameshaizoea. Nikauliza mchana kutwa. Watu walinijibu bila kucheka: malaria, chandarua, dawa zinakwisha, kituo kiko mbali kwa wenye mimba. Yalikuwa majibu ya kweli, na yalifanana na ya Gishubi kama mapacha.

Bibi alikaa mwisho, kama safari ile. Nikamuuliza shida yake kubwa.

"Safari hii umeuliza vizuri," akasema. "Lakini lile la kwanza lilinifaa zaidi."

"Najua, bibi. Lakini shida yako?"

"Goti. Hili la kulia. Usiku linalia kama mlango."

Nikaanza kuandika. Akanizuia mkono. "Usiandike kwa kusikia tu," akasema, akashika ukingo wa meza yangu akainuka taratibu, nami nikasogeza sikio. Kweli, lililia.